Vigae vya Upogo

"Usinishike bega. Nimesema usinishike bega, Thabiti."

"Basi punguza sauti. Mama yumo uani."

"Mama naye asikie. Si yeye aliyetupikia uji tulipotoka jandoni, mie na wewe, sufuria moja? Asikie mwanawe alichonifanyia leo."

"Nimekufanyia nini? Bwana Elimu kauliza swali, nimejibu. Na wewe ulikuwa umesimama palepale, mdomo unao, ulimi unao. Nani alikuziba?"

"Unajua kilichoniziba."

"Sijui. Niambie."

"Unajua, Thabiti. Usinitazame hivyo kama mtu aliyeamshwa usingizini. Unajua."

Tulikuwa chumbani kwake, pale Chuno, Mtwara, alasiri imeshaingia. Alikuwa hajavua hata viatu. Koti lake la ualimu kalitundika kwenye msumari, lina chaki mfukoni, na chaki ile ndiyo niliyokuwa naitazama kila alipofungua mdomo. Mlango ulikuwa wazi. Mlango wa chumba kile umepinda, ukiuachia unajifunga wenyewe, kwa hiyo kauwekea kigae cha simenti kuushikilia. Watu waliokuwa wanapita njiani wakifika usawa wetu wanapunguza mwendo.

Ngoja niseme ilivyokuwa, maana najua mjini yatasemwa mengine.

Mie naitwa Muhidini. Kwetu Mpapura. Nilimaliza darasa la nane mwaka juzi, sikuchaguliwa kuendelea, na tangu hapo baba ananiambia neno moja tu: mikorosho ina majani, nenda ukapalilie. Sikwenda. Nilibeba mizigo bandarini, nikaacha. Nikakaa dukani kwa mtu Mikindani, napima sukari, nikaacha. Mie kukaa pahali pamoja siwezi, miguu inawasha. Nilichokuwa nakitaka ni kimoja, chuo cha ualimu, na huko huendi kwa kutaka. Huko unapelekwa. Bwana Elimu, yule Mwingereza anayekagua shule zetu huku kusini, akilitaja jina lako, basi umekwenda. Asipolitaja, mikorosho ina majani.

Thabiti yeye ni mwalimu tayari. Tuliingia jando moja, tukalala mkeka mmoja, kidonda changu kikachemshiwa dawa chungu kimoja na chake. Huku kwetu mtu wa namna hiyo humwiti rafiki. Unamwita ndugu, na mamake unamwita mama, na akikuita saa yoyote unakwenda.

Basi akaniita. Bwana Elimu kamwambia kwamba walimu wa hesabu wa wilaya nzima watakusanywa wakati wa likizo, na yeye Thabiti ndiye atakayewasimamia. Bwana Elimu kachoka kuingia darasani akakuta mwalimu anaimba, watoto wanaitikia, na hakuna anayefikiri. Anataka walimu wenyewe wapewe jambo la kuwatoa jasho. Jambo la jometri, la mistari na pembe, lakini lisiwe la kitabuni.

"Sasa mie nitalitoa wapi jambo kama hilo?" Thabiti aliniambia. "Kichwa changu kimejaa vitabu tu. Wewe ndiye mwenye kichwa kisichotulia."

Walimu walipewa bohari moja kuukuu iliyobaki tangu wakati wa ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, wakati Mtwara ilipojaa malori na watu wa kila namna. Tulikwenda kuitazama. Nje ya bohari kulikuwa na rundo la vigae vya sakafu, vya simenti, vimeota majani. Mtu mmoja wa ujenzi alivifyatua kwa kalibu ya mbao iliyokaa juani ikapinda, na hakuangalia mpaka vilipokuwa rundo. Kila kimoja kikatoka upogo. Mbavu nne, hakuna mbili zilizolingana. Pembe nne, hakuna mbili zilizolingana. Ila vyote vinafanana, kama watoto wa baba mmoja, kwa sababu kalibu ni ileile. Fundi akakataa kuvitandika, vikatupwa pale.

"Takataka," Thabiti alisema.

Mie nikakaa juu ya rundo. Sijui kwa nini nilikaa. Nikachukua viwili nikaviweka chini, ubavu kwa ubavu. Nikaongeza cha tatu. Kukatokea pengo la kuingia kidole. Nikavitoa, nikaanza tena. Thabiti akaenda zake kula, akarudi, akanikuta palepale. Mie, ambaye hata khutba naisikiliza nikiwa nusu nimesimama, siku ile nilikaa mpaka suruali ikashika rangi ya simenti.

Mwisho nikaona. Kigae ukikishika ukakizungusha palepale chini, kichwa kikaenda kwenye miguu, miguu ikaenda kwenye kichwa, ubavu wake unaungana na ubavu uleule wa mwenzake, sawasawa, kama mkono na mkono. Ukifanya hivyo kwa ubavu huu, na huu, na huu, vigae vinakwenda tu. Hakuna pengo. Na pale vinapokutana vinne, pembe zote nne zipo, ile kubwa, ile nyembamba, na hizo mbili za katikati, kila moja imekuja mara moja, na zote pamoja zimejaza mzunguko mzima. Kalibu ingepinda vingine pia ingekuwa vilevile. Umbo lolote la pembe nne, hata bovu namna gani, linatandika sakafu.

Nilimwonyesha Thabiti. Akachukua mkaa, akachora umbo la pembe nne lililobonyea upande mmoja, pembe moja imeingia ndani kama shavu la kibogoyo, akauliza, "Na hili?"

Tukalikata kwenye bati, tukalijaribu. Nalo likakubali. Hilo la bati ni lake, sikatai. Mie nisingelifikiria.

Kigae cha kwanza nilichokizungusha nilimpa yeye akiweke. Nikamwambia kikae kwake mpaka siku nitakayokwenda chuo, nitakuja kukichukua. Ndicho hicho cha mlangoni.

Na palepale juu ya rundo tukapatana. Fumbo la vigae nitaliendesha mimi mbele ya walimu. Siku ya mwisho Bwana Elimu atakapokuja kukagua, Thabiti atanishika mkono, atasema: huyu ndiye aliyelitoa, hana kazi, mpeleke chuo. Tukapeana mkono kama watu wa jando moja. Sikuwa na haja ya shahidi.

Sasa sikiliza utaratibu, maana mambo yote yameharibikia hapo.

Kule jandoni mtu unatupiwa mafumbo. Mafumbo yenyewe siyataji, si ya kutajwa. Ila ukilijua fumbo hulisemi. Unanyamaza, unahamia ukuta wa pili, unakaa, unamsubiri mwenzako hata kama atachukua siku nzima. Ukimfungulia kabla hajafungua mwenyewe, umemwibia. Na aliyemfungulia mwenzake hatukumwita mwenye huruma. Tulimwita mwizi.

Nikawaambia walimu, tutakwenda hivyohivyo. Vigae hivi hapa, sakafu hii hapa, itandikeni bila pengo. Aliyejua anyamaze, ahamie ukutani. Mpaka mtu wa mwisho ahamie, hakuna wa kusema neno, si mie, si Thabiti, si yeyote.

Walicheka. Mwalimu Rashidi wa Mahurunga, mtu mzito, sauti kama pipa, alikunja suruali akapiga goti akasema, "Miaka yote nimesomea ualimu, kumbe nilikuwa naelekea kuwa fundi sakafu."

"Fundi angeshamaliza, Mwalimu," mwenzake akamjibu.

Lakini walikaa chini. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wamekaa kwenye vumbi wanasukuma vigae kama watoto wa bao. Kwanza kila mtu alivipanga vyote vinatazama upande mmoja, vikagoma. Kisha Rashidi akapata akili ya kukipindua kifudifudi, ule upande wa chini wenye mawe ukawa juu, akajiona kafika.

"Mwalimu Rashidi," nikamwambia, "mgeni wako akikaa hapo, kanzu yake utailipa."

Bohari nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akakirudisha. Aligombana na vigae vile mpaka siku ya pili. Nilimwona mkono wake unakizungusha taratibu, kichwa kinakwenda miguuni, akasita, akakisukuma, kikaingia. Hakusema kitu. Alifuta magoti, akahamia ukutani, akakaa, uso wake umekaa kama wa bwana harusi. Sijawahi kuona mwalimu wa hesabu na uso ule. Nikajua hii ndiyo kazi yangu. Miguu haikuwasha hata mara moja siku zote zile.

Wakaendelea kuhamia, mmoja leo, wawili kesho. Na kila aliyehamia akawa anawatazama waliobaki kwa macho tu. Ukutani hapakusikika hata kikohozi cha kudokeza.

Akabaki Mwalimu Zuhura. Yeye anafundisha wasichana Mikindani, mwanamke pekee katika kundi lile, na hataki kusaidiwa hata kunyanyua kigae. Alikuwa ameshika njia yake peke yake. Kila pembe kaipaka alama ya mkaa, kila kona alama yake, halafu kaviunga vigae viwiliviwili, kila jozi imekuwa umbo la pembe sita. Mie mwenyewe sikuwa nimelifikiria hivyo. Asubuhi ya leo alikuwa anazisogeza jozi zake, anazijongeza, anazitoa. Walimu wote ukutani wamenyoosha shingo. Rashidi kauma kilemba chake kabisa. Zuhura alibakiza jozi moja. Moja tu, na mkono ulikuwa umeshaishika.

Ndipo motokaa ya Bwana Elimu ikasimama nje. Alikuwa aje kesho.

Akaingia, kofia mkononi, akatutazama. Walimu wamepangana ukutani kimya kama maiti wanasubiri sala, na mama mmoja kapiga magoti katikati ya vumbi. Akauliza kwa kile Kiswahili chake cha kukanyaga neno mojamoja, "Hii ni nini?"

Thabiti akamweleza habari ya fumbo. Akaeleza vizuri, sikatai. Bwana Elimu macho yakamtoka. Akainama akaokota kigae, akakigeuza, akasema, "Na jawabu lipo?"

"Lipo, Bwana."

"Nani amegundua jambo hili?"

Nilimtazama Thabiti. Pale ndipo palipokuwa pake. Sikufungua mdomo kwa sababu Zuhura alikuwa hajahamia, na sheria nilikuwa nimeiweka mwenyewe. Na pia kusema kulikuwa kwake. Tulishapatana. Nilimtazama nikakaa sawa, nikafunga hata kifungo cha juu cha shati, naona haya kuyasema lakini nilikifunga.

Thabiti akakohoa. Akachukua chaki.

"Mimi, Bwana," akasema. "Ni hivi."

Akachora ubaoni. Akachora kigae, akakizungusha, akachora cha pili, akachora vinne vikikutana, akaandika pembe zote. Kila chaki ilipolia mie nilikuwa namtazama Zuhura. Alinyanyua kichwa akatazama ubao. Akauona wote. Kisha akaiweka chini ile jozi yake, polepole, mbali na zile nyingine, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Bwana Elimu akampa Thabiti mkono. Wakatoka nje wakazungumza karibu na motokaa. Mie nikabaki ndani, na Zuhura akapita mbele yangu anajifuta mkaa kwenye vidole.

"Nilibakiza moja, Muhidini," akaniambia. "Sheria uliiweka wewe. Ungeilinda."

Hakungoja nimjibu. Na ningemjibu nini? Kwamba aliyeivunja si mie? Alikuwa mwenzangu. Tulisimama pamoja mbele yao tangu siku ya kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyofika Chuno nikiwa napiga kelele.

"Uliapa," nikamwambia Thabiti. "Juu ya lile rundo ulinipa mkono."

"Nilikupa mkono kwa siku ya mwisho. Leo haikuwa siku ya mwisho. Mtu kaja ghafla, kasimama mbele yangu, anataka jibu. Ningesema nini? Subiri, Bwana, kuna mama hajamaliza kucheza na vigae?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo ungesema."

"Kwa Mzungu?"

"Kwa yeyote. Rashidi mtu mzima, mkubwa kwa babako, alikaa ukutani kama mwari. Hakufungua mdomo. Wewe uliyeingia jando kabisa ndiye umefungua."

"Usiniletee jando hapa. Ile ilikuwa hesabu."

"Ilikuwa jando siku tulipokuwa tunawaambia walimu. Imekuwa hesabu leo?"

Mama Mastura akatokea mlango wa uani, mbuzi ya kukunia nazi mkononi. Huyo ndiye mamake. Kafupi, hasemi sana, akisema ameshasikia yote.

"Nyie watoto mnagombania nini?"

"Hakuna kitu, mama," Thabiti akasema.

"Mama," nikasema mie, "shikamoo. Tunagombania jina langu. Mwanao kalichukua kalivaa."

"Marahaba." Akamtazama mwanawe. "Kweli?"

"Mama, hayo mambo ya shule hutayajua."

"Ya shule siyajui. Kuchukua kitu cha nduguyo ndiyo ninayokuuliza."

Thabiti akakaa kitandani. Akavua kiatu kimoja, akakishika. Sauti ikashuka, na mie sauti yake ikishuka ndipo ninapoiogopa, tangu utotoni.

"Sikiliza, Muhidini. Tuseme ningekutaja. Huyu hapa, kamaliza darasa la nane, hakuchaguliwa, bandari kaacha, duka kaacha, yeye ndiye aliyelitoa hili. Bwana Elimu angeamini? Angecheka. Angeona na mie sina akili. Tungekosa wote wawili."

"Ulijaribu?"

"Sihitaji kujaribu kila kitu."

"Tulipokuwa tunakata bati lako ulijaribu. Ulisema labda halitakubali, tukajaribu, likakubali. Mie hukunijaribu."

Mama alikuwa bado kasimama mlangoni.

"Alikwambia nini kule kwenye motokaa?" nikamuuliza.

Akakigeuzageuza kile kiatu.

"Kuna nafasi," akasema. "Ya masomo zaidi. Ya mwalimu mmoja kutoka huku. Nikirudi nitakuwa nazunguka shule zote nafundisha walimu namna hii, vigae, kukaa chini, kila kitu. Na hapo nitamhitaji mtu wa kunisaidia. Nitakuita wewe, wallahi. Nikishakaa vizuri nitakuita."

"Nije kukubebea vigae."

"Uje tufanye kazi."

"Yangu."

"Yetu, Muhidini."

Hapo hasira ilinitoka yote, nikabaki baridi. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, njia nzima nilikuwa nayapanga. Nikayasahau. Likabaki moja.

"Bwana Elimu anarudi kesho kufunga," nikasema. "Walimu wote watakuwepo, Zuhura atakuwepo. Simama umwambie. Maneno machache tu: si mimi, ni Muhidini, na fumbo lilikuwa halijaisha. Ile nafasi chukua, sitaki nafasi yako. La bati sema ni lako, nami nitaitikia. Ila hilo useme. Ukisema, kesho mie na wewe tunakula sahani moja kama jana."

Mama Mastura akasema, "Amekuomba kitu kidogo, Thabiti."

Thabiti alitazama sakafu. Nilikuwa najua akitafuta jibu huwa anakuna ndevu, na hakukuna. Jibu alikuwa nalo tangu nilipoingia.

"Siwezi," akasema. "Nikisema hivyo kesho nitaonekana mwongo wa jana."

"Utaonekana ulivyo."

"Basi siwezi."

Mama akaniambia, "Mwanangu, kaa ule kwanza. Wali uko jikoni."

"Ahsante, mama. Nimeshiba."

"Hujala tangu asubuhi, nakuona midomo."

"Nimeshiba, mama. Unisamehe."

Nikaenda mlangoni. Thabiti akainuka, mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna.

"Unakwenda wapi?"

"Mikindani. Nikamwambie Mwalimu Zuhura kwamba jozi ile ilikuwa inaingia. Hajui. Anadhani labda njia yake ilikuwa mbaya kwa kuwa si ile ya ubaoni."

"Halafu?"

"Halafu sijui."

Niliinama nikakiokota kigae. Kizito, na pembe ile nyembamba ilikuwa imemeguka kidogo kwa kupigwapigwa na mlango.

"Hicho acha," Thabiti akasema. "Mlango hautakaa."

"Nilikwambia nitakuja kukichukua."

"Ulisema siku utakayokwenda chuo."

Nikakiweka kwapani, nikatoka. Mlango ulianza kujirudi wenyewe, polepole, unalia kwenye bawaba, nikamwona Thabiti amesimama na kile kiatu na mama nyuma yake, mpaka wakabaki wembamba. Sikuuacha umalizie. Nilishika kitasa, nikaufunga.